Nani kakanyaga mafuta? Historia ya pedeli iliyokwama

Najua nimekuwa kimya humu. Test mbili na prezentesheni moja zimenimaliza kabisa, na boom nalo ndo hivyo tena, linakuja kwa mwendo wa kobe. Lakini leo nina kitu.

Kwenye semina yetu ya historia tuliambiwa kila mmoja achague kitu kimoja cha kawaida, kitu cha kushikika, afuatilie historia yake. Wenzangu wakachagua kanga, baiskeli, jembe, redio. Mimi nikachagua pedeli ya mafuta ya gari. Darasa lilicheka, hasa wale wa mstari wa nyuma. Wakaniuliza kama nimehamia ufundi magari. Basi ngoja niwasimulie hapa kwa Kiswahili chetu, maana ile ya darasani ilikuwa ya Kiingereza cha kutafuna, na nusu ya vitu vitamu niliviacha kwa sababu ya dakika kumi na tano.

Sababu yangu ni hii. Kila ikitokea ajali kubwa, jioni hiyo hiyo unasikia kwenye redio: chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva. Mara nyingi dereva mwenyewe keshafariki, kwa hiyo hana wa kumjibia. Mimi ninayesomea kufundisha historia naambiwa kila siku kwamba chanzo kimoja hakitoshi, linganisha vyanzo, uliza nani kasema na ana maslahi gani. Sasa pedeli ya mafuta ni mahali pazuri sana pa kufanyia zoezi hilo. Gari likichomoka lenyewe, watuhumiwa ni watatu tu: mguu, chuma, na siku hizi kompyuta. Na kila mmoja ana wakili wake.

Tuanze mbali kidogo, ila haraka. Magari ya mwanzo hayakuwa na pedeli ya mafuta tunayoijua. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, ilikuwa na pedeli tatu chini lakini hakuna hata moja ya mafuta! Moja ya klachi, moja ya kurudi nyuma, moja ya breki. Mafuta ulikuwa unaongeza kwa mkono, kwa kijiti kilichokaa pale kwenye usukani. Mpangilio wa klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia ulizoeleka taratibu baadaye. Kwa hiyo hii kitu tunayoiona ya asili kabisa, kwamba mguu mmoja wa kulia ndio unaoongeza mwendo na mguu huo huo ndio unaosimamisha, ni uamuzi wa watu. Wangeweza kuamua vingine. Mguu mmoja, kazi mbili zinazopingana, umbali wa sentimita chache kati yake. Kaa na hilo kichwani.

Sasa twende Marekani miaka ya themanini, kwenye gari la Kijerumani linaloitwa Audi 5000. Lilikuwa gari la watu wenye nazo. Likaanza kupata sifa mbaya: mtu anawasha gari, anatoa gia kwenye P kuweka D au R, gari linaruka kama limepigwa teke, linagonga ukuta wa gereji, au linagonga mtu. Malalamiko yakafika mamia. Tarehe 23 Novemba 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikarusha habari hiyo, na kilichowamaliza watu ni picha moja: pedeli ya mafuta inashuka yenyewe, hakuna mguu juu yake. Yaani unaona kwa macho yako. Nani atabisha?

Kumbe gari lile la kwenye picha lilikuwa limefanyiwa kazi. Mtaalamu mmoja alikuwa ameingiza presha ya hewa kwenye gia boksi ili pedeli ishuke, na watazamaji hawakuelezwa. Na kuna mama mmoja aliyehojiwa kwenye kipindi hicho, aliyempoteza mtoto wake wa miaka sita alipokuwa anafungua mlango wa gereji mbele ya gari. Ripoti ya polisi ya wakati wa ajali iliandika kwamba mguu wake uliteleza kutoka kwenye breki ukaenda kwenye mafuta. Kwenye televisheni maelezo yakawa ni gari. Mimi simlaumu yule mama hata kidogo. Mzazi gani anaweza kuishi na lile jibu la kwanza? Lakini kama mwanafunzi wa historia ndipo nilipojifunza kwamba ushahidi wa siku ile na ushahidi wa baada ya miezi si kitu kimoja, hata kama mtu ni yule yule na wala hadanganyi.

Mwaka 1989 NHTSA, ile mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama barabarani, ilitoa ripoti yake. Walipima, wakafungua, wakakokotoa. Hitimisho: nyingi ya ajali hizi, dereva alidhani anakanyaga breki kumbe anakanyaga mafuta. Na gari lilivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kukanyaga, kwa sababu akilini mwake ile ni breki isiyoshika. Ila ripoti haikuisafisha Audi moja kwa moja. Ilisema pia kwamba kifaa cha kusawazisha mzunguko wa injini kilikuwa kinaweza kushtua kidogo, injini ikapanda ghafla, na pedeli zake zilivyokaa zilichangia mguu kukosea. Kwa hiyo dereva alikosea, lakini alisaidiwa kukosea!

Audi waliumia kweli kweli. Mauzo yao Marekani yalikuwa magari 74,061 mwaka 1985, yakashuka hadi 12,283 mwaka 1991. Lile jina 5000 wakalitupa. Lakini kuna urithi mmoja ambao wengi wenu mmewahi kuushika kwa mkono. Mnajua zile gari za otomatiki, IST, Vitz, Noah, ambazo huwezi kutoa gia kwenye P mpaka kwanza ukanyage breki? Na kile kitufe kidogo pembeni ya gia kimeandikwa SHIFT LOCK? Hilo ndilo jibu ambalo Audi walilifunga kwenye magari yao baada ya kashfa ile, kisha likaenea kwa watengenezaji wengine. Wazo lake ni rahisi sana: kama mguu upo kwenye breki wakati gia inaingia, basi haupo kwenye mafuta. Hawakumwambia dereva awe makini, waligeuza gari.

Baada ya Audi, watengenezaji walikuwa na jibu tayari mkononi: ni mguu wa dereva. Kwa miaka ishirini mbele, ukilalamika kwamba gari limechomoka lenyewe, unaonekana kama mtu aliyekosea na hataki kukubali. Na hapo ndipo Toyota inapoingia.

Tarehe 28 Agosti 2009, eneo la Santee karibu na San Diego, California, familia moja ilikuwa kwenye Lexus ES 350 (Lexus ni ya Toyota, nadhani mnajua). Gari halikuwa lao. Walikuwa wameazimwa na wauzaji wakati lao likiwa matengenezo. Aliyekuwa anaendesha hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa askari wa doria wa barabara kuu za California, miaka mingi kazini, yaani kuendesha ndiyo ugali wake. Pedeli ikakwama chini. Gari likapita kilomita 160 kwa saa. Shemeji yake akapiga simu ya dharura akiwa ndani ya gari, akieleza kwamba hawawezi kusimama, na simu ile ilirekodiwa. Walikufa wote wanne, pamoja na binti wa miaka 13.

Sasa angalia uzito wa chanzo hiki. Kabla ya hapo ilikuwa ni neno la dereva dhidi ya neno la kiwanda. Hapa kuna rekodi iliyofanyika wakati jambo linatokea, na usukani uko kwa askari mzoefu. Lile jibu la "kachanganya pedeli" likakosa pa kukaa.

Wachunguzi walipofungua mabaki wakakuta kapeti. Kapeti la mpira la miguuni, ambalo si la gari lile, ni la gari jingine kubwa la Lexus. Lilikuwa refu, na halikufungwa kwenye vishikizo vyake. Likaibana pedeli. Na kinachouma zaidi: siku chache kabla mteja mwingine alikuwa ameazimwa gari lile lile, pedeli ikakwama vile vile, akafanikiwa kusimama pembeni, akaona ni kapeti, akaichomoa, na aliporudisha gari akamwambia mtu wa mapokezi. Taarifa ilifika mezani! Haikufika kwa fundi. Nilipofika hapa kwenye kusoma nilifunga daftari, nikatoka nje kupunga upepo.

Mtauliza, kwa nini hakuzima gari? Lexus ile haikuwa na ufunguo wa kuzungusha, ilikuwa na kitufe. Ukiwa kwenye mwendo ilibidi ukibonyeze ukishikilie kwa sekunde tatu hivi. Nani anajua hilo kwenye gari la kuazima, uko kilomita 160, watoto wanapiga kelele? Ukikigusa gusa kwa hofu hakizimi kitu.

Toyota ikatangaza kuhusu makapeti, magari karibu milioni 3.8 Marekani. Halafu Januari 2010 likaja jingine, tofauti kabisa: magari milioni 2.3 ambayo pedeli yenyewe ilikuwa inaweza kunata. Hapa ndipo palinipa raha kama mtu wa historia. Zamani pedeli ya mafuta ilivuta waya hadi kwenye injini, na ule waya ulikuwa na uzito wake, mguu ulikuwa unausikia. Baadaye waya ukaondolewa. Camry ya mwaka 2002 kule Marekani tayari ilikuwa inatumia umeme: pedeli ina sensa, sensa inaiambia kompyuta mguu umekwenda kiasi gani, kompyuta inafungua mlango wa hewa wa injini. Tatizo ni kwamba pedeli ya namna hiyo ni nyepesi mno, mguu unashangaa. Basi wakaweka kipande ndani yake cha kuleta msuguano, makusudi, ili ukikanyaga ujisikie kama unavuta waya wa zamani. Kwenye pedeli zilizotengenezwa na kampuni ya CTS ya Indiana, kipande kile kikichakaa, na unyevunyevu ukiingia, kilikuwa kinanata. Pedeli inarudi polepole, au inabaki ilipo. Kwa maneno mengine, kilichokwama ni kumbukumbu ya waya ambao haupo tena! Dawa yake ilikuwa kibati kidogo tu cha chuma cha kupunguza msuguano.

Toyota ikasimamisha kwa muda uuzaji wa aina nane za magari Marekani. Tarehe 24 Februari 2010 bosi mwenyewe Akio Toyoda, mjukuu wa mwanzilishi, akakaa mbele ya kamati ya bunge Washington akaomba radhi. Na mwaka 2014 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, na ikakiri kwamba ilikuwa imewapotosha wateja kuhusu makapeti na pedeli zinazonata. Pesa hiyo haikuwa kwa sababu ya kutengeneza kitu kibovu. Ilikuwa kwa sababu ya walichosema.

Bado mtuhumiwa wa tatu, kompyuta. Hapo serikali ikawaita NASA, ndio, hao hao wa kwenda mwezini. Walipekua zaidi ya mistari 280,000 ya programu ya Camry, wakapiga mionzi, wakatikisa. Februari 2011 ripoti ikatoka: hawakukuta hitilafu ya umeme inayoweza kufungua mafuta yote kama watu walivyodai. Magazeti yakaandika kesi imekwisha. Lakini ndani ya ripoti yenyewe wameandika wazi kwamba kutokupata ushahidi hakumaanishi kwamba jambo haliwezi kutokea. Na Oktoba 2013, kwenye kesi ya Oklahoma ya Camry ya 2005, mtaalamu mmoja aliyeisoma programu hiyo kwa muda mrefu alitoa ushahidi kwamba ina kasoro kubwa, baraza la wazee wa mahakama likawaamini waathirika na kuwapa dola milioni 3. Kwa hiyo chukua lako. Mimi mwenyewe naona kesi nyingi zilikuwa miguu na makapeti, chache ni pedeli, na kompyuta nabaki na alama ya kuuliza. Lekchara wangu hapendi alama za kuuliza mwishoni mwa prezentesheni, lakini ndo hivyo.

Kuna watu wawili nataka muwajue kabla sijaendelea.

Wa kwanza ni kijana wa Minnesota, mhamiaji wa jamii ya Wahmong. Mwaka 2006 Camry yake ya 1996 ilishuka kwenye barabara kuu kwa kasi ikagonga gari lingine. Watu watatu walipoteza maisha, mmoja wao baadaye kabisa. Alisema tangu mwanzo: nilikanyaga breki. Hakuaminiwa. Mwaka 2007 akahukumiwa, akapewa miaka minane. Ilipolipuka habari ya Toyota watu wakaanza kulitazama faili lake upya, na waliofiwa wenyewe wakafika mahali pa kumuunga mkono. Agosti 2010 akaachiwa, na mwaka 2015 mahakama ikaona Toyota inabeba asilimia 60 ya lawama.

Wa pili ni mzee wa Tokyo, aliyewahi kuwa ofisa mkubwa serikalini. Aprili 2019, akiwa na miaka 87, Prius yake ilipita kwenye kivuko cha waenda kwa miguu eneo la Ikebukuro. Ikaua mama na binti yake wa miaka mitatu. Naye mahakamani alisema gari ndilo lenye hitilafu. Lakini kifaa cha kumbukumbu ndani ya gari kilionyesha mafuta yalikanyagwa na breki haikuguswa. Septemba 2021 akahukumiwa miaka mitano.

Maneno ya wale wawili ukiyaweka karatasi mbili bila majina, hutajua yupi ni yupi. Wote inawezekana waliamini wanachosema. Kijana maskini mgeni alifungwa kwanza, akasikilizwa baadaye. Mzee mkubwa alisubiri kesi yake nyumbani, na Wajapani walikasirika sana kwa hilo. Kilichowatofautisha kwenye ukweli ni kwamba mmoja gari lake lilikuwa na kumbukumbu na jingine halikuwa nayo. Huko Japani jambo hili la kuchanganya pedeli, hasa kwa wazee, ni kubwa kiasi kwamba magari mapya mengi yana kifaa cha kuzuia gari lisiruke ukikanyaga mafuta kwa nguvu wakati mbele kuna ukuta. Tena wamegeuza gari badala ya kumgombeza dereva.

Na msidhani ni mambo ya kale. Aprili 2024 Tesla ililazimika kushughulikia Cybertruck 3,878 kwa sababu kibati cha juu cha pedeli ya mafuta kilikuwa kinaweza kuchomoka na kunasa. Kisa? SABUNI. Iliwekwa kiwandani ili kibati kiingie kirahisi, ikabaki humo, ikawa inateleza. Gari la mamilioni, limeangushwa na kitu tunachofulia soksi bwenini.

Huku kwetu sasa. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, yana miaka yake mgongoni, na makapeti tunanunua kwa machinga kwenye foleni ya mataa. Tunachagua rangi. Tena wengi hutandika jipya juu ya lile la zamani ili lisichafuke! Ukiongeza chupa ya maji inayobingirika chini ya kiti, una Santee yako ndogo. Wale mnaoachiwa gari la baba au la shangazi wikiendi, someni hapa.

Ikitokea pedeli imekwama chini, kanyaga breki kwa nguvu zote na usiachie. Usipampu. Breki za magari mengi zinasaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na mafuta yakiwa wazi kabisa mvuto huo haupo. Imebaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, ukipampu umeimaliza na pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Jarida la Car and Driver liliwahi kupima Camry, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho na breki nayo imekanyagwa: breki ilishinda, gari likasimama kwa umbali ulioongezeka kidogo tu. Hapo hapo sukuma gia iende N, ile fri. Injini itapiga kelele kama inataka kupasuka. Iache ipige, bora injini. Gari la manyuo, kanyaga klachi. Sogea pembeni, likishasimama ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari likiwa kwenye mwendo, usukani utajifunga. Na usiiname kuvuta pedeli kwa mkono huku unaenda, macho yatakuwa chini na barabara iko juu.

Kwa gari la kitufe, muulize mwenye gari kabla hamjaondoka kinazimwaje kwa dharura. Swali la sekunde kumi. Halafu inama, shika kapeti la dereva, livute kuelekea mbele uone kama linafika kwenye pedeli.

Haya wadau, foleni ya msosi imeanza kurefuka nami naiona kutoka dirishani. Tukutane baada ya test ya Ijumaa.